Namba Moja, Watu Kumi

Siku niliyoitia mausi ndani ya mtoto wa meza nikafunga kwa ufunguo, wenzangu wa ofisini walidhani nimegombana na mtu. Sikugombana na mtu. Nilikuwa nimechoka tu kunyanyua mkono kutoka kwenye kibodi, kuupeleka kwenye mausi, kukitafuta kimshale kilipojificha, kubonyeza, halafu kurudi. Nikaona huu ni upuuzi, mkono unatembea kutwa nzima na haufiki popote. Mimi haraka nimezaliwa nayo. Mama alinizaa njiani kabla hawajafika hospitali, na shangazi yangu alikuwa akisema kwamba tangu siku ile sijawahi kumsubiri mtu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Chake Chake miaka ile, ukisema hivyo watu walidhani unatengeneza kompyuta mbovu, wakawa wanakuletea simu zao zisizoshika chaji. Nikisema naandika kodi, kama tunavyoyaita maandishi ya programu, ndio kabisa, walinitazama kwa jicho la kumtazamia mtu wa mapato. Mwisho nikaacha kueleza. Nikiulizwa nafanya kazi gani nilijibu nafanya kazi ofisini, na hilo kila mtu alilielewa.

Ile programu ninayoandikia ina njia za mkato za vidole, na mimi nilizijua kama ninavyoijua Alhamdu. Kontroli na D, neno lako linashikwa pamoja na mwenzake anayefuata. Alti na mshale, mstari mzima unapanda juu au unashuka chini bila kuukata na kuubandika. Na iko moja ambayo ndiyo iliyonilevya: neno likiwa limetajwa mahali mia, unayashika yote mia kwa mpigo mmoja, na unachoandika kinaandikwa mahali mia, unachofuta kinafutika mahali mia. Mara ya kwanza nilipoifanya nilicheka peke yangu. Ilikuwa raha, sisemi uongo.

Nikawa na kiburi, tena kiburi kibaya, kile cha mtu anayejidai hana kiburi. Mkuu wangu alikuwa akiwaita wageni waje kutazama vidole vyangu, na mimi najifanya siwaoni. Meza ya pili yangu alikaa mzee mmoja mtaratibu sana, ambaye alisoma kila mstari kwenye skrini kwa ncha ya kalamu, midomo ikimtikisika. Nilimchokoza kila siku. Nilimwambia akimaliza huo mstari anistue nije nimpongeze. Yeye akicheka tu, akarudi kwenye mstari wake.

Sasa nieleze juu ya shangazi, maana haya yote ni ya kwake.

Wazee wangu walikuwa Kengeja, lakini mimi nililelewa Micheweni. Shangazi, dada yake baba, alinichukua nikiwa na miaka mitatu, kama ilivyo kawaida yetu kwamba mtoto wa kaka ni wako. Alikuwa mkulima wa mwani. Bamvua likifika, maji yakikupwa mbali, anashuka pwani na wenzake, kamba zimetundikwa begani, wanarudi nguo zimewaganda mwilini kwa chumvi. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kukatwa na mawe ya pwani, na kwa mkono huohuo alinisuka nywele mpaka nikaenda chuo kikuu.

Na alikuwa na simu. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, nambari zimefutika, anaiweka ndani ya kikapu juu ya kabati. Siku hizo simu zilikuwa zimefika kila kijiji lakini hazijafika kila nyumba, na ya shangazi ilikuwa ya mtaa mzima. Mtoto wa mtu akipiga kutoka Unguja au Maskati, anapiga kwa shangazi. Shangazi anatoka uani, anaita, na mwenye simu anakuja mbio na unga mikononi. Jirani yake wa ua wa nyuma, rafiki yake wa kushuka naye pwani tangu ujana, hakuwa akiitwa hata mara moja. Simu ikilia tu yeye yupo, anauliza ni ya nani. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuo nilikuwa nikipiga namba hiyo, na kabla sijafika kwa shangazi nishawaamkia watu wanne.

Kwa hiyo mtu wa kujua alikuwa mimi. Wengine wote wana udhuru, mimi sina.

Ukaja mradi wa kuwasaidia wakulima wa mwani. Kila mwanamke aliyejiandikisha angepewa kamba mpya, taitai, yaani vile vikamba vyembamba vya kufungia mbegu, na turubai la kuanikia. Maofisa walikwenda vijijini wakaandika watu. Micheweni walikaa skuli, na kina mama wakapanga foleni, kila mmoja akataja jina lake, shehia yake na namba ya simu. Shangazi alikwenda na wenzake tisa wa mtaa wake, wale anaoshuka nao pwani. Wote tisa, walipoulizwa namba, walimnyooshea kidole shangazi, na shangazi akaisoma kwa kila mmoja, mara kumi pamoja na yake. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo alijisikia mtu.

Orodha ya kisiwa kizima ikaja ofisini kwetu. Sisi ndio tuliopewa kazi ya kutengeneza programu itakayompelekea kila mwanamke ujumbe wa simu, wenye siku ya kwenda kuchukua vitu vyake na nambari yake ya kuonyesha. Na programu hiyo niliijenga mimi. Nikaijenga kwa sharti moja ambalo hata sikulifikiria: namba moja ya simu ni mtu mmoja. Nilisoma hivyo vitabuni, na vitabuni kila mtu ana simu yake mfukoni.

Orodha ilipoingizwa, programu ikagoma. Ikaniambia namba zimerudiwa. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mkuu anaitaka kazi kabla ya adhuhuri, na Jumamosi malori yanatoka na vitu. Nikaifungua ile orodha kwenye programu yangu ya kuandikia, mistari mia kadhaa, nikaipanga kwa amri moja ili namba zinazofanana zikae pamoja. Nikaona kweli, namba inajirudia, hapa mara mbili, kule mara tatu, pahala pamoja mara kumi. Nikasema peke yangu kwa sauti kwamba maofisa wa siku hizi hata kuandika hawajui, mtu mmoja wanamwandika mara kumi.

Mzee wa meza ya pili alinyanyua kichwa. Akaniuliza kama nimeyasoma majina.

Nikamwambia akitaka kuyasoma yeye nitamwachia, lakini mimi nina kazi.

Nikaandika alama za kutafutia: kila mstari ambao namba yake ni ileile ya mstari wa juu yake. Alti na Enta, mistari yote hiyo ikashikwa kwa pamoja, skrini ikawaka madoa ya buluu kutoka juu mpaka chini. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kontroli na S, imehifadhiwa. Programu ikapita bila kelele. Sidhani kama nilitumia dakika moja. Katika ile namba ya mara kumi lilibaki jina la juu kabisa, kwa sababu mistari yenye namba moja ilijipanga kwa alfabeti, na jina la shangazi yangu linaanza kwa herufi ya kwanza. Lilikuwa mbele ya macho yangu pamoja na la baba yake, ambaye ni babu yangu mimi. Sikuliona. Nilikuwa natazama namba.

Mkuu alinipongeza mbele ya watu. Nami nikasema si kitu.

Jumatatu shangazi alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila hakuniuliza kama nimekula, na hilo yeye hakuwahi kulisahau. Alisema wamekwenda wote kumi kuchukua kamba, kwa sababu ujumbe ulikuja kwenye simu na wao walidhani ni wa wote. Ofisa akasoma orodha, akamkuta yeye peke yake. Wenzake wote tisa hawamo. Ofisa akasema asiyekuwemo hamo. Yeye akapewa kamba zake, turubai lake na mfuko wa taitai, mbele ya wenzake waliosimama mikono mitupu. Alitaka kuvigawa palepale, ofisa akakataa, akasema vya mtu ni vya mtu na yeye ameshatia saini.

Akaniambia, "Hebu niangalilie huko kwenye kompyuta zenu, mwanangu. Majina ya wenzangu yamekwenda wapi?"

Nikamwambia asubiri. Nikaifungua orodha ya kwanza, ile niliyoletewa, nikaitafuta namba yake, nayo naijua kwa moyo. Nikayaona majina tisa, moja baada ya jengine. Wote nawajua. Yumo aliyenifundisha kusuka ukili, yumo aliyewahi kunichapa kwa kuiba embe mbichi, yumo jirani wa ua wa nyuma. Mzee wa meza ya pili alikuwa akinitazama, na mkuu alikuwa mlangoni na wageni, na mkataba wangu wa kazi ulikuwa unamalizika mwisho wa mwezi ule.

Nikasema, "Shangazi, mashine imekosea."

Akasema haya, atawaambia.

Niliyarudisha yale majina siku ileile. Hilo nalo lilichukua dakika moja, maana kufuta na kurudisha ni jirani katika kibodi. Nikampelekea mkuu orodha iliyotengenezwa, nikamwambia kulikuwa na hitilafu ndogo. Akasema wataingia mgao wa pili. Mgao wa pili haukuja. Mradi ulifunga, gari zao zikarudi Unguja, na kina mama tisa wakaendelea kufunga mwani kwa kamba zilizooza. Vijiji vyengine nako watu walikosa, mmoja huku wawili kule, wakalalamika wakachoka. Kwetu likawa jambo jengine, kwa sababu kwetu kulikuwa na mimi.

Tazama wao walivyoliona. Simu ni ya shangazi. Namba aliisoma yeye kwa mdomo wake. Mtoto wake, yaani mimi, ndiye aliyekaa kwenye hizo kompyuta. Na kati ya kumi, mashine imewafuta tisa ikamwacha yeye. Shangazi alipopita nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba mashine imekosea, walimsikiliza kwa adabu. Alipotoka walicheka. Mimi niliyasikia hayo kwa binti yake, dada yangu wa kulelewa pamoja, aliyekuwa akiniandikia ujumbe kila siku. Aliniandikia kwamba mama amewapelekea wenzake taitai zote na hakuna aliyezipokea. Mfuko uko palepale alipouweka, mlangoni kwa jirani wa nyuma.

Kwetu mtu hatukanwi. Ukikosewa unanyamaza, na aliyekukosea anajua. Salamu wanaitika, shikamoo wanaitika, lakini simu ikilia hakuna anayetokea. Watu walianza kutoa namba za maduka, za walimu, za wakwe zao. Simu ya shangazi ikawa ya kwake peke yake. Bamvua likifika, kundi linashuka mapema, na yeye akitoka anawakuta wako mbali ndani ya maji, wamempa mgongo.

Nilipaswa kwenda. Nauli ya kutoka Chake hadi Micheweni haikunishinda, ni safari ya asubuhi tu. Kila Ijumaa nilisema wiki ijayo. Mkataba ukaongezwa, nikasema basi sasa nitakwenda nikaseme, nisiende tena. Niliogopa kazi, kweli, lakini zaidi niliogopa uso wa yule aliyenichapa kwa embe.

Halafu ikaja harusi ya dada.

Kwetu mchele wa harusi hauchaguliwi na mwenye harusi. Siku mbili kabla, mwenye shughuli anapita nyumba kwa nyumba kualika, na asubuhi yake kina mama wa mtaa wanakuja kila mmoja na ungo wake. Wanakaa uani, gunia linapasuliwa, wanatoa mawe na chuya huku wanaimba na kusengenyana, na adhuhuri mchele wa watu mia mbili umekwisha. Shangazi yangu hakukosa hata moja. Kila harusi ya mtaa ule, ungo wa kwanza kufika ulikuwa wake, na jungu la kwanza kuinjikwa ni yeye aliyelisimamia.

Nilifika asubuhi hiyo na gari ya kwanza. Uani palikuwa na mikeka sita imetandikwa. Juu ya mikeka sita walikaa watu watatu: shangazi, dada yangu mwenyewe bibi harusi, ambaye hakupaswa hata kutoka ndani, na bibi mmoja wa ukoo asiyeona vizuri. Gunia lilikuwa limesimama katikati. Shangazi alikuwa amealika wote, na kila mmoja aliitika inshaallah. Asubuhi wakaanza kuja watoto na salamu. Mama mguu unamuuma. Mama ana mgeni. Mama kaenda Wete. Jirani wa nyuma hakutuma hata mtoto, na ukuta wa ua wake tuliweza kuugusa.

Nikachukua ungo nikakaa. Mchele ule ulikuwa mchafu, mawe madogo ya rangi ya mchele wenyewe, unapaswa kuupepeta, kuutandaza, kutazama, kuokota, kuutandaza tena. Hakuna namna nyengine. Nilifanya ungo mmoja kwa haraka zangu, shangazi akaupokea, akautazama, akatoa mawe saba akanirudishia. Tulikaa hivyo mpaka jua likafika kati. Gunia lilikuwa halijafika nusu. Bibi wa ukoo akasinzia. Dada akaitwa ndani kutiwa hina. Tukabaki wawili.

Nikasema, "Shangazi, mashine haikukosea. Ni mimi niliyewafuta."

Hakunyanyua macho kwenye ungo. Aliniuliza kama nilikusudia. Nikasema la, wallahi sikukusudia, nilikuwa na haraka, sikusoma majina. Akauliza kama kazini wanajua. Nikasema hawajui. Aliokota jiwe, akalitupa, akaokota jengine.

"Basi wasijue," akasema. "Mie umri wa kusemwa nishaufikia. Wewe kazi yenyewe ndo kwanza umeishika."

Nikamwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba, sasa hivi, niwaambie wote tisa, waje. Nilisimama kweli, na unga wa mchele umenijaa magotini. Akanishika upindo wa kanga. Akasema nikienda nikasema, jioni habari itafika skuli, kesho itafika Chake, na mimi ni mtoto wa kwanza wa kike katika mtaa ule kukaa kwenye kazi ile, na kuna watoto wanaambiwa wasome wawe kama mimi. Aliniambia nikae, mchele haujesha.

Nikakaa.

Nitasema kweli yake, maana nimeshakuwa mtu mzima na sina wa kumdanganya. Nilifarijika. Pale alipoushika upindo wa kanga yangu, moyo wangu ulitua. Nilijiambia namtii mkubwa wangu. Nilikuwa najua vizuri kwamba siku nyengine zote sikumtii, aliniambia nisikimbie nikakimbia, aliniambia nisome taratibu nikasoma mbio, na siku ile moja iliyonifaa ndiyo niliyokuwa mtoto mtiifu. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yale majina.

Siku ya harusi walikuja. Walikuja wote tisa, wamevaa vizuri, saa ya chakula. Walikaa kwenye mikeka wakangojea kuhudumiwa, wakala kidogo, wakanawa, wakaaga. Hakuna aliyegusa jungu wala kuingia jikoni kuuliza chumvi iko wapi. Walikuja kama wageni. Wanaojua kwetu wanajua hilo lina uzito gani. Shangazi aliwahudumia kwa mikono yake, sinia baada ya sinia, na alipomfikia jirani wa nyuma aliinama akamwekea kipande kikubwa cha nyama, na jirani akakisogeza kando ya sinia.

Miaka ikapita. Mimi nikahamia Unguja kwa kazi kubwa zaidi, nikawa narudi sikukuu mbili kwa mwaka. Kila mtu sasa ana simu yake, hata mbili. Kina mama walizeeka, mwani ukapungua, na salamu zikawa na joto kidogo, kwa sababu watu hawawezi kununa milele. Nilijiambia limekwisha. Shangazi hakunitajia tena, nami sikumtajia. Mara moja tu, Idi moja, aliniambia jirani wa nyuma anaumwa na hali yake si nzuri. Nikampa pole, nikauliza anaumwa nini, nikarudi kwenye simu yangu. Jirani yule alifariki kabla ya Idi iliyofuata.

Shangazi alimfuata baada ya mwaka na miezi. Nilipoletewa habari nilipanda ndege ya asubuhi, nikakuta wameshamzika. Kwetu maiti hasubirishwi. Siku ya tatu ikasomwa hitima, wanaume barazani, kina mama uani kwenye mikeka. Baada ya dua, dada yangu alisimama, sauti imemkauka, akasema kama ilivyo ada kwamba binadamu ni mkosefu, na kama kuna mtu yeyote marehemu mama yake alimkosea, kwa kujua au kwa kutojua, basi wao watoto wanamwombea radhi.

Wale wenzake walikuwa wamekaa pamoja. Walibaki wanane. Mkubwa wao, yule aliyenichapa kwa embe, sasa hana jino hata moja, ndiye aliyeanza. Akasema, "Tumemsamehe." Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Tumemsamehe. Tumemsamehe. Mara nane. Walisema kwa roho safi, na baadhi yao walikuwa wanalia, na mimi nimekaa kati yao nasikia shangazi yangu anasamehewa kosa langu.

Sikupanga. Nilijikuta nimesema kwa sauti kwamba yeye hakuwakosea. Nikasema zile kamba, majina yenu niliyafuta mimi, ofisini, kwa haraka zangu, na mashine haikuwa na makosa. Nikasema shangazi alijua na akanikataza kusema, nami nikakubali kwa sababu ilinifaa. Nilisema yote. Kutoka barazani tukawasikia wanaume wanagawiwa kahawa.

Yule mkubwa wao alinigeukia. Aliniuliza, si kwa ukali, ikiwa ni hivyo mbona marehemu alikiri.

Sikufahamu anachosema. Nikamuuliza alikiri wapi.

Akasema jirani wa nyuma alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, shangazi alikwenda kumkagua. Yeye alikuwepo, yeye ndiye aliyekuwa akimpepea mgonjwa. Shangazi aliingia, akakaa kitandani, akaushika mkono wa mwenzake. Akamwambia, "Ndugu yangu, niwie radhi kwa zile kamba." Mgonjwa alilia. Akasema ameshaziacha, ila alikuwa anangojea tu amsikie shangazi mwenyewe anasema. Wakakaa wameshikana mikono mpaka alasiri, na siku ya pili yake mgonjwa akafariki. Yeye akatoka pale akawaambia wenzake kwamba hatimaye kakiri, basi lisizungumzwe tena.

Nilimwambia shangazi hakuwa na la kuombea radhi. Nilimwambia aliomba kwa ajili yangu. Nadhani nilimshika mkono, sikumbuki vizuri.

Akasema, "Sisi tulobaki tunakusamehe, mwanangu. Ila mwenzetu wa ua wa nyuma kafa anajua ni shangazi yako, na sisi kwa huyo hatuna ruhusa ya kumsemea."

Kisha akajisogeza kwenye mkeka, akanipisha nikae. Nikakaa, na dada yangu akaendelea kugawa tende.